Masomo ya Mseto na Siri za Watu

Katika mikutano ya vyuo vyetu siku hizi lipo neno ambalo likishatamkwa hakuna anayeuliza tena: mseto. Masomo ya mseto, yaani sehemu darasani na sehemu mtandaoni, ndiyo dawa ya uhaba wa vyumba, ya uchache wa walimu, ya safari za daladala kutoka Mjini hadi Tunguu, na ya kila upungufu ambao zamani tuliuita kwa jina lake. Nimekuwa nikifundisha sehemu ya programu ya uzamili ya kazi za ustawi wa jamii inayoendeshwa kwa mtindo huu. Sitaitaja, kwa kuwa ninayoyasema hayaihusu peke yake, na kwa kuwa baadhi ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu mwenyewe. Sina ugomvi na mtandao. Ugomvi wangu ni juu ya kile tulichokihamishia mtandaoni kimyakimya, bila ya mjadala wowote, kwa sababu tu kilikuwa ghali.

Nijitenge kwanza na kundi ambalo sitaki kuhesabiwa ndani yake. Wapo wanaoicheka "digrii ya kwenye simu", na aghalabu ni watu waliosoma wakiwa vijana, kwa fedha za serikali, wakikaa dakhalia na kupikiwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992, kikaanza kusomesha 1994, na tangu hapo kimewapa elimu watu wasioweza kuacha kazi, watoto wala mashamba yao. Uzamili wa kazi za ustawi wa jamii ni miongoni mwa shahada zake. Kabla ya njia za namna hiyo, afisa wa Unguja aliyetaka kusomea fani hii mara nyingi alitazama ng'ambo, kwenye Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1973. Kwa mwanamume mwenye ruhusa ya kazini lilikuwa suala la nauli ya boti na mahali pa kulala. Kwa mwanamke mwenye watoto watatu na mama mkwe mgonjwa lilikuwa suala lililokwisha kabla ya kuanza. Leo darasa langu lina muuguzi, mwalimu wa skuli ya Kaskazini, askari wa dawati la jinsia na maafisa wa wilaya. Wengi ni wanawake. Anayetaka kuwarudisha wote darasani saa mbili za asubuhi atuambie kwanza nani atawafungulia ofisi zao.

Tena nakiri jambo ambalo sikulitegemea. Nadharia imehama vizuri. Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya 2011, mbinu za utafiti, historia ya fani, haya yote yanasomeka usiku baada ya watoto kulala, na wanafunzi waliokuwa hawafungui mdomo darasani mbele ya wakubwa zao wa kazi sasa wananiandikia kurasa nne saa sita za usiku. Mwalimu asiyeona faida hiyo anapenda sauti yake kuliko wanafunzi wake.

Wala mseto si mgeni katika nchi hii, ingawa huletwa kwetu kama uliozaliwa mwaka 2020, pale vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona na kufunguliwa tena Juni. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha Tanzania Bara kampeni ya "Mtu ni Afya". Redio ilisomesha, vijitabu vikafafanua, na watu wapatao milioni mbili wakashiriki. Lakini redio haikuachiwa kazi peke yake. Watu walikaa katika vikundi, mahali pamoja, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa. Viongozi hao walikuwa makumi kwa makumi ya maelfu. Waliopanga kampeni ile walielewa kwamba sauti inaweza kutoka mbali, lakini anayekuuliza "umeelewa nini, na kesho utafanya nini?" lazima awe karibu nawe. Sisi, wenye simu zenye uwezo ambao redio ile haikuuota, tumeibakisha sauti na kumwondoa kiongozi wa kikundi.

Hapa ndipo penye shauri lenyewe. Kazi za ustawi wa jamii hazisomwi kwa vitabu pekee, kama vile uzazi wa jadi haukusomwa kwa vitabu. Viwango vya kimataifa vya elimu ya fani hii, katika toleo la 2020, vinataka mafunzo kwa vitendo yawe angalau asilimia 25 ya masomo yote. Wanafunzi wanayaita fildi. Fildi ni pale mwanafunzi anapoingia katika nyumba ya watu, akakaa, akasikiliza, akakosea, na mwenye uzoefu akamwona akikosea. Ukimwondoa mwenye uzoefu, kilichobaki ni mgeni aliyetumwa kwenye msiba wa mtu na fomu mkononi.

Mwaka uliopita nilikuwa na wanafunzi tisa katika fildi. Nilimtembelea mmoja. Wanane niliwasimamia kwa simu ya video, dakika ishirini kila mmoja, kisha nikajaza fomu yenye visanduku: anafika kwa wakati, ana mawasiliano mazuri, anaheshimu maadili. Nilitia alama katika visanduku vyote. Nilichokiona kwa macho yangu ni nyuso nane na kuta nane.

Kwa yule mmoja nilikwenda naye kwenye baraza la sheha, katika kijiji cha Kusini Unguja, kwa shauri la mtoto. Kabla ya salamu kwisha nilikuwa nimeshaona mambo ambayo kamera isingeniletea. Kiti kililetwa kwa shemeji wa mama, si kwa mama. Kila mwanafunzi alipouliza swali, shemeji alikohoa, na mama akasema hajui. Mwanafunzi wangu, binti hodari mwenye alama za juu kabisa katika nadharia, aliandika katika daftari lake: "Mama hana taarifa." Hilo ndilo ambalo lingefika kwangu kwa simu, nami ningelipokea na kutia alama. Tulipoondoka nilimuuliza kikohozi kile kilikuwa kikisema nini. Alisimama njiani, akaniangalia, akarudi peke yake kwa mama yule, wakaenda wote wawili upande wa kisimani. Saa nzima niliwasubiri chini ya mwembe.

Sisi Wazanzibari tuna neno kwa kitu kile: muhali. Unaona muhali kumtaja ndugu wa mume. Sheha anaona muhali kumpeleka mbele ya sheria jirani aliyemzikia baba yake. Afisa anaona muhali kuandika jina ambalo bosi wake analijua. Mashauri ya watoto waliodhalilishwa hufa mikononi mwa watu wema kwa sababu hiyo, hadi ikabidi lugha iunde msemo wa rushwa muhali. Hakuna slaidi ya muhali. Nimejaribu kuitengeneza, na ilikuwa upuuzi. Muhali hujulikana kwa kukaa ndani ya chumba ulimo, pamoja na mtu anayejua namna ya kuuvunja bila ya kuivunja nyumba.

La pili ni la siri, nalo ndilo linaloninyima usingizi.

Wasioishi Mji Mkongwe hudhani kwamba nyumba za mawe na chokaa zinahifadhi siri. Zinahifadhi kweli, ila zinazuia na mtandao. Ukuta wa unene wa mkono mzima haupitishi mawimbi, na mwanafunzi anayetaka kuhudhuria kipindi cha jioni hupanda juu ya paa. Hapo mtandao unashika, na hapo ndipo majirani wa pande zote nne wanapoanua nguo, wanapoota upepo na kuzungumza. Amevaa visikizi, kwa hivyo sauti zetu hazisikiki. Yake inasikika hadi mtaa wa tatu. Wa vijijini hana ukuta wa mawe, lakini ana chumba kimoja na watu sita ndani yake.

Jioni moja mwanafunzi aliwasilisha shauri la mtoto mbele ya wenzake ishirini na wawili mtandaoni. Alifuata kanuni zote tulizomfundisha. Hakutaja jina la mtoto, wala la baba, wala la shehia. Alisema tu kwamba ni kijiji cha pwani, kwamba baba ni mvuvi, na kwamba mtuhumiwa ni mjomba mwenye duka karibu na msikiti. Haikupita dakika moja, mmoja wa darasani akaandika kwenye ukurasa wa mazungumzo: "Subhanallah, huyu si yule wa...", akataja kijiji. Mwingine akajibu kwamba ndiye.

Kanuni ya kuficha jina ilitungwa katika miji ya mamilioni, ambako mvuvi mwenye shemeji mwenye duka anaweza kuwa yeyote. Unguja kila mtu ni jamaa wa mtu. Hapa jina ndilo jambo la mwisho kuhitajika ili mtu ajulikane. Na kipindi kile kilikuwa kinarekodiwa. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe cha kurekodi, kwa nia njema, ili waliokatikiwa na umeme wasipitwe. Asubuhi nilikifuta. Watu wanne walikuwa wameshakifungua.

Nani anawajibika? Swali hili lina jibu la kisiasa, na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanalijua kuliko mimi. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Ithibati hutoka Tume ya Vyuo Vikuu. Ustawi wa jamii si jambo la Muungano; mashauri na maafisa ni wa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto ya Zanzibar. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika pande zote mbili, isipokuwa, kwa Zanzibar, katika mambo yasiyo ya Muungano. Basi niambieni: shauri la mtoto wa Unguja, lililotoka katika faili la wilaya, likasimuliwa katika darasa la chuo na kuhifadhiwa katika kompyuta iliyo nchi nyingine kabisa, ni jambo la Muungano au si la Muungano? Nimewauliza wanasheria wawili. Mmoja alicheka. Mwingine alinitaka nisiliandike.

Fildi nayo imeangukia katika ufa huo huo. Chuo kinahesabu kuwa mwanafunzi yuko mikononi mwa ofisi ya wilaya. Ofisi ya wilaya inahesabu kuwa ni mwanafunzi wa chuo. Afisa anayempokea, kwa wote niliowaona, anafanya hivyo kwa hisani, huku meza yake imejaa mashauri yake mwenyewe, wazee wanaouliza pensheni jamii yao na waume wanaokataa matunzo. Hapo ndipo tunaposema kwamba simu ya video "imeboresha usimamizi". Imeboresha hesabu. Imefuta nauli ya mwalimu, posho ya siku na gari la chuo. Gharama haikufutika, amehamishiwa mwanafunzi, anayenunua bando kwa mshahara wake, na amehamishiwa mtoto wa kijiji cha pwani, ambaye hakuulizwa.

Sitapoteza maneno mengi juu ya mtandao wenyewe. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika, nchi ikapapasa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Wanaoukumbuka mwisho wa 2009 wanajua pia maana ya miezi mitatu bila ya umeme wa gridi. Anayepanga shahada nzima juu ya waya ambao mkono wa kuuzima si wake apange na siku ya waya kuzimwa.

Ninachokidai hakihitaji tume. Nadharia ibaki mtandaoni, na iboreshwe. Mashauri ya watu halisi yasizungumzwe mtandaoni kabisa, si kwa jina wala bila ya jina; yazungumzwe ana kwa ana, katika chumba chenye mlango, mara mbili kwa mwezi, na asiyeweza kufika Jumamosi apangiwe siku nyingine. Kila mwanafunzi aliye fildi atembelewe kwa miguu, si chini ya mara tatu. Afisa anayempokea aandikiwe barua ya kazi na alipwe, na chuo na wizara wakae meza moja waandikiane nani analipa nini. Mtaniambia fedha hakuna. Basi vyuo vitangaze hadharani ni kiasi gani kimeokolewa kwa kufuta safari za wasimamizi tangu 2020, na kiasi hicho kimekwenda wapi. Nimeuliza kwa maandishi mara mbili. Nilijibiwa kwa mwaliko wa warsha kuhusu ubunifu katika ufundishaji, itakayofanyika kwenye hoteli, ana kwa ana.

Kwa sasa, wanafunzi wangu wanane ambao sikuwatembelea tumekubaliana kukutana. Mwalimu mkuu wa skuli moja ya Mjini ametuazima darasa Jumamosi baada ya adhuhuri. Feni haifanyi kazi, lakini mlango unafungika. Simu zitakaa kwenye beseni nje kwa mlinzi. Nauli kila mtu anajilipia, na mmoja anatoka Nungwi.