Chanjo ya Lazima: Tuitazame Vipi?



Ndugu Waislamu, wazazi hapa Nyamirambo bado wanatuuliza, na wanafunzi wakubwa hawaliachi: je, serikali ina haki ya kutulazimisha kuchanjwa? Swali lilianza mwishoni mwa 2021, pale asiyekamilisha chanjo ya Korona alipozuiwa kupanda basi la abiria Kigali. Januari 2022 baadhi ya Wanyarwanda walivuka Ziwa Kivu wakakimbilia kisiwa cha Idjwi, Kongo, ili wasichanjwe.

Kuhusu chanjo yenyewe hatuna maneno mengi. Kujitibu kumeruhusiwa, na kujikinga kabla ya maradhi ni katika hilo hilo. Wanaodai kwamba sindano inapingana na tawakkul tunawauliza: mbona anayekwenda Hijja huchanjwa homa ya uti wa mgongo kwa sharti la Saudi Arabia, na hatujasikia Haji aliyegoma? Sharti lile tumelikubali kwa kuwa mahujaji hukusanyika kwa malaki, na ugonjwa wa mmoja huwa wa wote. Sayyidna Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) aligeuza msafara wake njiani kwenda Sham kwa ajili ya tauni. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari Yake nyingine.

Ama kulazimisha, hapo tunatofautisha. Kumzuia asiyechanjwa asibanane na watu ndani ya basi ni kuondoa madhara, na kiongozi ana haki hiyo. Kumshika mtu mkono kwa nguvu na kumchoma ni jambo jingine kabisa. Mwili wake ni amana aliyopewa yeye. Na tuseme kweli: muuza mboga anayekwenda soko la Kimironko kwa basi alibanwa kuliko mwenye gari lake. Hili halikusemwa vya kutosha.

Tazameni Marburg, Septemba 2024. Chanjo ilikuwa bado ya majaribio, wakapewa kwanza wahudumu wa afya, kwa hiari yao, na wakajitokeza zaidi ya elfu moja. Walikuwa wameona wenzao wakifa, na walielezwa wanachochomwa ni nini.

Basi tunachoomba kwa maradhi yajayo ni maelezo yatangulie amri, kwa Kinyarwanda na Kiswahili chepesi, na daktari apewe nafasi msikitini baada ya Ijumaa ajibu maswali, hata yale ya kipuuzi.

Wallaahu a'lam.