Mgeni njoo, mwenyeji apone: na mbwa wako je?

Wandugu memba wa koperative, ukurasa huu umezoea mpunga, mihogo na mbolea ya takataka. Leo naomba nafasi niseme juu ya kitu kingine kinacholala mbele ya mlango wa wakulima wengi hapa Sange: mbwa mdogo.

Sisi tunaishi kandokando ya barabara ya kitaifa namba 5, kati ya Bukavu na Uvira. Wageni hawakosi. Wanunuzi wa mpunga wanapita, wachungaji wanapitisha ng'ombe, vibarua wanatafuta kazi ya kupalilia, watoto wanaenda masomo. Machoni pa mbwa ambaye hakufundishwa, hao wote ni wezi. Siku hizi kuna viwanja ambapo mgeni anasimamia mbali na kuita tu, na asipopata jibu anaenda zake. Kama alikuja kuuliza bei ya mpunga wako, basi ameenda kununua kwa jirani.

Maoni yangu ni haya: mbwa anayeuma kila mtu ni deni. Siku moja litalipwa, na mara nyingi anayelilipa ni mtoto wa jirani.

Najua mtaniambia nini. "Agronomu, wewe unalala mjini. Huku wezi wanabeba mbuzi usiku, wanavuna mihogo ya wenyewe. Tunahitaji mbwa mkali." Neno hilo lina uzito, silidharau. Lakini tuangalie vizuri. Kazi ya mbwa ni kubweka, kazi ya mwenye nyumba ni kutoka na kuangalia. Mbwa anayebwekea kila mpita njia tokea asubuhi mpaka usiku hana tena habari ya kukupa: wewe mwenyewe umeshazoea makelele yake, hata hauamki. Na yule anayeumwa mchana si mwizi. Mwizi anakuja na kipande cha nyama au na fimbo. Anayeumwa ni mama aliyekuja kuazima jembe.

Ukali huo mara nyingi tunaupanda wenyewe. Kuna wanaomlisha mbwa mdogo pilipili eti awe mkali. Pilipili inamuunguza tumbo tu. Kuna wanaomfunga kamba fupi kutwa nzima, hajui mtu mwingine zaidi ya yule anayemletea chakula. Na watoto wanamvuta mkia. Akiuma wanacheka, juu meno yake bado madogo. Miezi sita baadaye meno ni makubwa, na hakuna anayecheka tena.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa, ubichi huo ni mfupi sana: kati ya juma la tatu na la kumi na nne hivi tangu azaliwe. Anachokizoea wakati huo hatakiogopa baadaye, na mbwa wengi wanauma kwa sababu ya woga. Kwa hiyo:

Usimtoe kwa mama yake kabla ya majuma manane. Ni kwa mama na ndugu zake anajifunza kwamba kuuma kunaumiza.

Akishafika kwako, aone watu wa kila namna: wazee wenye fimbo, wamama wenye mizigo kichwani, watu wa pikipiki, watoto. Mgeni akifika, mpe kipande kidogo cha bugali chenye mchuzi wa ndagala, amtupie mbwa bila kumkaribia wala kumkazia macho. Baada ya siku chache mbwa anaelewa kwamba mgeni ni habari njema.

Akiuma mkono wakati wa mchezo, nyamaza, simama, acha mchezo. Akitulia, endelea. Mbwa mdogo hapendi mchezo ukatike, atashika somo.

Akinguruma, usimpige. Hapa ndipo wengi wanapotea. Kunguruma ni onyo: anasema "naogopa, ongeza nafasi." Ukimpiga kila anaponguruma, atajifunza kunyamaza, lakini woga utabaki. Kesho atauma bila kuonya mtu. Ni afadhali mgeni arudi nyuma hatua mbili, mbwa atulie, ndipo umpe kitu.

Na watoto wafundishwe pia: hatuchezi na mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha.

Jambo hili linapita adabu tu. Kuna kichaa cha mbwa, ile wengine wanaita raje. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huo wanaupata kwa mbwa, na kati ya watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wane ni watoto chini ya miaka 15. Mbwa mpole asiyechanjwa anaweza kuupata, kwa hiyo mafunzo hayachukui nafasi ya chanjo. Mchanje akifika miezi mitatu, kisha urudie kama veterineri atakavyokuonyesha. Mtu akiumwa, osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu mbio kituo cha afya siku ileile. Msingoje dalili, na dawa za majani zisiwacheleweshe.

Sindano za mtu aliyeumwa si moja, na bei yake inapita mbali ile ya chanjo ya mbwa. Tena si kila kituo kinazo. Familia inaweza kuuza magunia ya mpunga kwa ajili ya kosa ambalo chanjo moja na vipande vya bugali vingelizuia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yaingie katika mkutano ujao wa kila koperative. Tuhesabu mbwa wa memba wote, ili tuombe veterineri wa serikali siku moja ya chanjo kwa pamoja. Ugonjwa unakatika pale ambapo mbwa 70 kwa 100 wamechanjwa, mbwa wa mtu mmoja hatoshi. Siku za kupima mpunga, mbwa wote wafungwe mbali na depo. Na anayepokea mbwa mdogo mwaka huu aahidi mbele ya wenzake kwamba atamfundisha.

Mbegu tunaichagua mapema kabla ya kupanda. Mbwa naye tumtengeneze mapema, angali anaenea katika kikapu.