STAA WA SINGELI AUZA NOAH YENYE MATUNDU NANE JUU, ETI "USED NI USED"!

Kuna staa mmoja wa singeli, jina kapuni, kamuuzia kijana wa Tangini, pale Kibaha, Noah aliyokuwa akiendea kwenye shoo. Noah nyeupe, rimu zinawaka, imetulia kinoma. Dogo aliuza pikipiki zake mbili, akaongezea na akiba, ili apate gari ya kubebea watu wa harusi. Siku ya kukabidhiwa funguo picha zikajaa Instagram. Mvua ya kwanza tu, maji yakaanza kudondoka kwenye taa ya ndani, mama wa bwana harusi akalowa na gauni lake.

Fundi wa Maili Moja akashusha kitambaa cha dari. Matundu nane! Ni pale ilipofungwa fremu ya spika za matangazo: bati lilitobolewa kwa drili, boliti zikapita. Fremu ilipotolewa, matundu yakapakwa puti, yakapigwa rangi, halafu juu yake ikabandikwa stika kubwa ya jina la staa. Ile stika ambayo dogo alikuwa anaringa nayo ndiyo ilikuwa inaficha uchafu.

Staa alipopigiwa simu akajibu: used ni used, si ulikagua mwenyewe? Mashabiki wake nao wakamvaa dogo, eti anatafuta kiki.

Hapana, bana. Anayenunua gari used anajua atakuta mikwaruzo, tairi zilizolika, siti zilizochoka. Uchakavu unakuja wenyewe. Puti haijipaki.

Tena kuziba tundu kwa puti si matengenezo. Kazi ya puti ni kusawazisha bati lililobonyea. Bati la juu linapigwa na jua la Pwani mchana kutwa linatanuka, usiku linasinyaa, barabarani linatetemeka, mwisho puti inapasuka. Yenyewe pia inanyonya unyevu, kwa hiyo kutu inakula kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Na maji hayadondoki palepale yalipoingia. Yanatembea juu ya kitambaa, yanashuka kwenye nguzo, yanafika chini ya kapeti kwenye nyaya. Mtu anahangaika na fundi umeme mwezi mzima, kumbe gari inaumwa kichwa.

Kazi ya kweli inajulikana. Kitambaa cha dari kinatolewa maana kinashika moto, betri inachomolewa, puti yote inakwanguliwa, kutu inasagwa mpaka bati jeupe. Tundu dogo linakingwa kwa chini na kipande cha shaba, kisha linajazwa kwa mashine ya kuchomelea ya waya, kidogo kidogo, unaacha lipoe. Bati hilo halifiki hata milimita 1, ukilikazania moto linajikunja. Tundu kubwa linawekwa kiraka cha bati. Baada ya hapo praima juu na chini, puti nyembamba ya kulainisha, rangi. Asiye na hela hiyo aweke boliti fupi yenye washa ya mpira na gundi ya kuzuia maji. Haipendezi, ila mnunuzi anaiona na anaulizia.

Dogo naye alizembea. Angefunga sumaku kwenye kitambaa laini na kuipitisha juu ya bati, ingekataa kushika penye puti nene. Ndoo mbili za maji zingemaliza ubishi. Yeye alipiga selfi kwanza. Sawa, ni uzembe, ila haumpi mtu ruhusa ya kumfichia.

Na hataki kurudisha gari. Anadai gharama ya kuchomelea matundu nane na kitambaa kipya cha dari, basi. Staa anayetunza MC noti ukumbini hadi zinaokotwa na fagio anashindwaje hapo? Tena wiki hii kaonekana gereji na gari nyingine ya ziara, fundi kashika drili anapima pa kutoboa.

Wadau, alipe au asilipe? Tiririkeni hapo chini.