Tundu la Pembe Sita: Mtihani wa Karakana Ndogo za Temeke na Kinondoni Katika Safari ya Viwanda

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 17 Julai, 2025 jijini Dodoma, inalenga kuijenga Tanzania yenye uchumi wa Dola za Marekani trilioni moja ifikapo mwaka 2050. Mijadala mingi kuhusu lengo hilo imeelekezwa kwenye reli, bandari na viwanda vikubwa. Makala haya yanatazama upande usiozungumzwa sana: karakana ndogo za kukereza vyuma zilizopo pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Chang'ombe, Tandika na Mbagala kwa upande wa Temeke, hadi Tandale na Tegeta kwa upande wa Kinondoni. Yanaitazama kazi moja tu inayofanyika humo, nayo ni kukata tundu la pembe sita ndani ya chuma.

Tundu hilo si geni machoni mwa wananchi. Lipo kwenye vichwa vya bolti zinazofungwa kwa ufunguo wenye umbo la herufi L, ujulikanao kama ufunguo wa Allen. Hupatikana kwenye pikipiki, bajaji, pampu za maji, mashine za kusaga nafaka na mitambo ya viwandani. Wasanifu wa mitambo hulipendelea kwa sababu kichwa cha bolti kinaweza kuzamishwa ndani ya chuma kisijitokeze, na ufunguo wake hauhitaji nafasi pembeni.

Bolti za kawaida za aina hiyo huuzwa madukani kwa bei ya kawaida, na hakuna sababu ya fundi kuzitengeneza. Tatizo hujitokeza pale kinapohitajika kipuri kisichouzwa: kizibo cha gia boksi la mashine ya zamani, skrubu ndefu kuliko za kawaida, au shafti ambayo ncha yake ina tundu la kufungia. Kipuri hicho kikikosekana, mashine ya kusaga husimama, kijana anayeiendesha hukosa ujira, na wateja wake hulazimika kubeba mahindi hadi mtaa wa pili. Kuagiza kipuri kimoja kutoka nje huchukua muda, na gharama ya usafirishaji inaweza kuzidi bei ya kipuri chenyewe. Hapo ndipo karakana ya jirani inapopimwa.

Kazi ya nusu milimita

Ugumu wa kazi hii unatokana na tabia ya mashine yenyewe. Kerezo huzungusha chuma huku kisu kikiwa kimeshikwa mahali pake. Kwa hiyo kinachotoka humo huwa na umbo la mviringo, kiwe bushi, puli au shafti. Kumtaka fundi atoe tundu lenye pembe kwenye mashine ya mviringo ni kumtaka aende kinyume na maumbile ya chombo chake.

Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 4762, bolti yenye unene wa milimita 8 hufungwa kwa ufunguo wa milimita 6, ya milimita 10 kwa ufunguo wa milimita 8, na ya milimita 12 kwa ufunguo wa milimita 10. Kina cha tundu hakipaswi kupungua nusu ya unene wa bolti. Tundu la milimita 6 kutoka ubapa hadi ubapa hufikia takribani milimita 6.9 kutoka pembe hadi pembe. Maana yake ni kwamba fundi akishatoboa tundu la duara kwa keekee ya milimita 6, kilichobaki kuondolewa katika kila pembe hakifiki nusu milimita. Ubora wa kipuri chote hutegemea nusu milimita hiyo, mara sita.

Zipo njia tatu zinazoweza kutumika katika karakana ndogo. Ya kwanza ni kusukuma. Fundi hutoboa tundu la duara, hutanua mdomo wake kidogo, kisha hukishindilia kwa presi kikatio kigumu chenye pembe sita. Wapo mafundi wanaokata kipande cha ufunguo wa Allen, wakakinoa usoni na kukifanya kikatio. Njia hiyo inafaa kwa chuma laini na kwa tundu fupi. Kwenye chuma kigumu, kikatio huweza kupasuka na kurusha vipande, au kukwama ndani ya tundu na kuharibu kazi yote.

Njia ya pili ni kuchonga. Umeme hukatwa kwenye swichi kuu, mhimili wa mashine hufungwa usizunguke, na kisu husogezwa mbele na nyuma kwa mkono kikikwangua pembe moja kidogo kidogo. Pembe moja ikikamilika, chuma hugeuzwa nyuzi 60 na kazi huanza upya. Fundi mwenye hesabu hutumia gia iliyopo kwenye mhimili: ikiwa na meno 60, kila meno 10 ni pembe moja. Njia hii ni ndugu wa ile inayotumika kukata njia ya kii ndani ya puli. Ni ya polepole, na kisu chake hakiingii kwa urahisi kwenye tundu dogo, lakini kwa kizibo chenye tundu la milimita 14 au 17 huleta matokeo mazuri.

Njia ya tatu ni ya kikatio kinachoyumba. Kikatio hufungwa kwenye kishikio chenye beringi, kilichoinamishwa takribani nyuzi moja tu, kisha huwekwa kwenye kichwa cha nyuma cha mashine. Chuma kinapozunguka, kikatio huzunguka pamoja nacho, na ule mwinamo mdogo hufanya pembe ziume kwa zamu badala ya kuuma zote kwa pamoja. Nguvu inayohitajika hupungua sana, na tundu la kawaida hukamilika kwa sekunde chache. Sharti lake ni maandalizi: tundu la duara liwe pana kidogo kuliko kipimo cha ubapa, mdomo wake utanuliwe, na kina kizidi kile kinachotakiwa ili vipande vilivyokatwa vipate mahali pa kukaa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kishikio hicho kinaweza kutengenezwa kwenye kerezo lile lile litakalokitumia. Kinahitaji shafti fupi, beringi, mwili uliotobolewa kwa mwinamo sahihi na fundi anayejua kupima. Hivyo, kinachotenganisha karakana inayokarabati na karakana inayozalisha si lazima kiwe mashine mpya ya mamilioni ya shilingi. Mara nyingi ni maarifa, kipimo na kikatio.

Ubora kwanza

Uwezo wa kukata tundu usichanganywe na uwezo wa kutengeneza bolti yoyote. Bolti nyingi za aina hii hubeba alama ya 8.8, 10.9 au 12.9 kichwani. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 huonesha mvuto ambao chuma huweza kuhimili kabla ya kukatika, kwa nyutoni katika kila milimita ya mraba. Bolti ya 12.9 huhimili hadi nyutoni 1200, na huanza kuvutika moja kwa moja inapofikia takribani asilimia 90 ya kiwango hicho. Nguvu hiyo hutokana na aina ya chuma na jinsi kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Kipande cha nondo au shafti chakavu kisichojulikana asili yake hakiwezi kupata sifa hiyo kwa kukerezwa vizuri tu.

Kwa sababu hiyo, bolti za breki, usukani, magurudumu na mitambo ya kunyanyulia mizigo zinunuliwe zikiwa na alama, zisikerezwe mtaani. Karakana ibaki na kazi zisizobeba hatari kwa maisha ya watu, kama vile vizibo, skrubu za kurekebishia na vishikio vya mashine. Fundi anayemweleza mteja mpaka huo hapotezi biashara. Analinda jina lake.

Vilevile, tundu nyingi huharibika kwa sababu ya kuchanganya vipimo. Mitambo ya zamani iliyotoka Uingereza au Marekani hutumia inchi, na mingi inayotoka China, Japani na India hutumia milimita. Ufunguo wa robo inchi ni sawa na milimita 6.35. Mtu akitumia ufunguo wa milimita 6 kwenye tundu hilo, ufunguo hucheza, pembe huliwa, na bolti nzima huwa ya kutupwa. Kipimo cha venia kinachosoma sawasawa kingezuia hasara hiyo.

Hatua za Serikali na pengo lililobaki

Taifa halianzi sifuri katika eneo hili. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lilianzishwa kwa Sheria Na. 28 ya mwaka 1973. Kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichopo Hai mkoani Kilimanjaro, kilijengwa kwa ushirikiano na Bulgaria kwa lengo la kutengeneza mashine na vipuri hapa nchini. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994, ina chuo chake Chang'ombe, ndani ya Temeke yenyewe.

Kupitia VETA, Serikali pia inatekeleza programu ya urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi aliyejifunzia karakanani hupimwa na kupewa cheti. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025, imeupa mkondo wa amali nafasi rasmi katika elimu ya sekondari. Aidha, halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo, iliyositishwa mwaka 2023 ili kuboresha utaratibu wake, ilirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Upande wa nishati, kukamilika kwa mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115 kumeongeza umeme ambao mashine hizi huutegemea.

Hatua hizo ni kubwa, lakini matunda yake yataonekana zaidi zikishuka hadi kwenye benchi la fundi. Kikundi cha vijana wa Mbagala kinachoomba mkopo wa kununua kerezo kinapaswa kuweka kwenye andiko lake vikatio, venia na mafunzo, la sivyo kitapata mashine inayotoa maumbo ya duara peke yake. Upimaji wa ujuzi nao ungemtambua vyema fundi kama ungemtaka akate tundu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro, badala ya kuishia kwenye kukereza shafti.

Mafundi wanashauriwa kufanya mambo manne. Kwanza, kufika VETA Chang'ombe au ofisi za SIDO kuulizia kozi fupi na urasimishaji wa ujuzi. Pili, kuhakiki vyombo vyao vya kupimia kupitia maabara ya ugezi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tatu, kuwasiliana na maofisa maendeleo ya jamii katika kata zao kuhusu vikundi na mikopo. Nne, kuzingatia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003: kuvaa miwani ya kinga, kuepuka glavu na nguo zinazoning'inia mashine inapozunguka, na kamwe kutoacha ufunguo kwenye kibano cha kerezo.

Kwa upande wao, wamiliki wa mashine wanashauriwa kumpelekea fundi kipuri cha zamani hata kama kimevunjika, kumweleza kinafanya kazi gani, na kumuuliza chuma atakachotumia kimetoka wapi. Swali hilo moja, likiulizwa na wateja wengi, litapandisha ubora wa kazi za mtaani sambamba na ukaguzi.