Rubani anayebeba majeruhi

Tarehe 2 Februari 2024, helikopta ya Afrika Kusini aina ya Oryx, iliyokuwa chini ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilipigwa risasi ikihamisha mgonjwa kutoka Karuba, Masisi, Kivu Kaskazini. Wanajeshi wawili walijeruhiwa, mmoja vibaya, lakini chombo kilitua Goma. Wapo wanaosema askari aliyachagua maisha ya hatari, mshahara anaula, na mkewe alijua anaolewa na nani. Nusu yake ni kweli. Rubani aliyefanya jeshi kuwa kazi ya maisha amekubali ukungu wa vilima vya Masisi na miezi ya kuwasikia wanawe kwenye simu tu. Hakukubali kulengwa akiwa na mgonjwa nyuma yake. Nasi tunamtegemea awafikie wagonjwa pasipopitika kwa gari: huko Walikale, mkoa huohuo, barabara ni mbovu kiasi kwamba ndege ndogo za kubeba madini zimewahi kutua kwenye kipande cha barabara chenye lami pale Kilambo.

Hoja nzito zaidi ni kwamba tangu 2013 MONUSCO imekuwa na brigedi ya kupigana na waasi, hivyo helikopta zake ni za adui. Tuseme ni hivyo. Bado Itifaki ya Pili ya Mikataba ya Geneva inalinda usafiri wa wagonjwa hata wa upande unaopigana. Oktoba 2024 Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) alitangaza kuuhuisha uchunguzi wa uhalifu wa Kivu Kaskazini kuanzia Januari 2022. Shambulio la Karuba limo ndani ya kipindi hicho. Aliyefyatua na aliyeamuru watafutwe.