Utabibu Si Makombo ya Udaktari

Imeenea miongoni mwetu dhana ya kwamba tabibu ni mtu aliyeutaka udaktari akaukosa, na kwamba stashahada yake ya miaka 3 ni ya kumliwaza. Hata kijana apokeapo barua ya kujiunga na chuo cha utabibu, jamaa zake, badala ya kumpongeza, humwambia asihuzunike, aanzie hapo, huenda siku moja akawa daktari kamili. Dhana hii ni batili, na madhara yake huwafika wagonjwa kabla ya kumfika tabibu mwenyewe.

Na tuitazame kazi yenyewe. Mama ameingia zahanati na mtoto wa miezi 8, anakohoa na mwili unamchemka. Mganga mfawidhi, ambaye aghalabu ni tabibu, na ambaye hana eksirei wala mwenzake wa kumshauri, humwomba mama amtulize mwanawe, humfunua kifua, kisha huhesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima, kwa kuwa kwa umri ule pumzi 50 au zaidi ni dalili ya homa ya mapafu. Hutazama iwapo kifua kinabonyea chini kila mtoto avutapo pumzi. Humtoboa kidole kumpima malaria. Ndipo akaamua kama mtoto atapewa dawa arudi nyumbani au atapelekwa hospitali saa ile ile. Hiyo ni ilimu kamili, yenye kanuni na mipaka yake, na anayeijua mipaka hiyo barabara ndiye aokoaye maisha.

Wapo wasemao kwamba miaka 3 haitoshi kumkabidhi mtu uhai wa watu. Jawabu limekwisha kutoka Msumbiji, ambako tangu mwaka 1984 wahudumu wa afya wa ngazi ya kati walifundishwa upasuaji kwa miaka 3. Na utafiti uliochapishwa mwaka 1996, uliolinganisha upasuaji wa uzazi zaidi ya 2,000 katika hospitali kuu ya Maputo, haukuona tofauti kubwa baina ya kazi yao na ya madaktari bingwa. Fauka ya hayo, ilibainika baadaye kwamba miaka 7 baada ya kupangiwa hospitali za wilaya, 88 katika kila 100 wa wahudumu hao walikuwa wangali huko, ilhali miongoni mwa madaktari waliopangiwa hakusalia hata mmoja.

Kasoro zipo, sikatai. Tabibu aliyeachwa bila msimamizi, bila dawa na bila mafunzo ya kujiendeleza hukosea. Walakini taksiri hiyo ni ya waliomtelekeza. Nasi tumdharauye twaizidisha, maana mzazi aliyeaminishwa kwamba zahanati haina mjuzi humpakia mwanawe kwenye pikipiki kwenda mjini, akapoteza saa ambazo mgonjwa hana.

Basi halmashauri zimpe tabibu nyumba, msimamizi na nafasi ya kusoma. Wazazi wampongeze achaguaye kazi hii. Naye kijana aingie chuoni kwa nia ya kuwa tabibu hodari.