Daraja la 3 si hatari ya wastani

Kipimo cha hatari ya maporomoko ya theluji kwenye milima ya Alps kina madaraja 5, na wateleza kwa ski huliona la 3 kuwa la katikati, salama kiasi. Ndilo linaloua wengi Uswisi. Mara nyingi marehemu mwenyewe, au mwenzake, ndiye huyachochea maporomoko hayo, kwenye mteremko unaozidi nyuzi 30, theluji nzito inapolalia tabaka dhaifu lisiloonekana kwa juu. Taarifa ya hatari ya maporomoko ikitaja daraja la 3, miteremko hiyo iachwe. Wapo watakaosema mzoefu huisoma theluji. Lakini Februari 2012, Tunnel Creek, Marekani, poromoko liliwaangamiza wazoefu 3. Vifaa vya kumtafuta aliyefukiwa navyo ni vya lazima, ila hushindana na dakika chache mno.